Nyumba Minnesota, kazi Texas: mwongozo wa kuchagua benki kwa anayeishi majimbo mawili

Januari ile nilikuwa kwenye chumba cha kupanga kusini mwa Houston, simu nimeibana begani, natafuta kalamu. Upande wa pili mhudumu wa benki yangu ya Minnesota alinieleza kwa upole kwamba akaunti yangu imezuiwa kwa sababu barua waliyonitumia imerudi. Barua yenyewe ilikuwa na kadi mpya. Ile ya zamani ilikuwa imeisha muda siku mbili kabla. Pango lilitakiwa Ijumaa, tena kwa hundi ya benki (cashier's check, ile ambayo benki yenyewe inaiandika na kuidhamini), na benki yangu haikuwa na tawi hata moja Texas.

Kabla ya kuondoka St. Paul, Minnesota, nilikuwa nimefanya kile ambacho kila mtu hukifanya: nilijaza fomu ya posta ili barua zangu zinifuate. Nilichokuwa sikijui ni kwamba bahasha nyingi za kadi za benki zimepigwa chapa maneno "Return Service Requested", yaani mwenyewe akiwa amehama, barua irudishwe ilikotoka, isipelekwe kwingine. Benki hufanya hivyo kuzuia wizi wa kadi, na ni jambo la busara. Kwa hiyo kadi yangu ilirudi benki, nao wakaona huyu hakai tena mahali alipotuambia anakaa, wakafunga akaunti mpaka nijithibitishe. Dada mmoja wa Tanga niliyekuwa nafanya naye zamu ndiye aliyenikopesha dola 1,400. Tulisimama wote kwenye kaunta ya benki yake akachukua hundi, nikalipa pango.

Mimi ni muuguzi wa mikataba ya wiki 13. Ninayoandika hapa yanamhusu pia dereva wa lori, mwanafunzi, mjukuu anayekwenda kulea bibi jimbo jingine kila msimu wa baridi, na wazazi waliogawana miezi kati ya watoto wawili. Wengi wetu tunachagua benki kwa kuangalia ile iliyo karibu na nyumba. Mimi nasema ipime kwa siku ile mbaya utakayokuwa mbali nayo.

Hatua ya 1: Andika miezi yako 12

Chukua karatasi, si simu. Andika miezi kumi na miwili, na mbele ya kila mwezi andika jimbo utakalolala. Chini yake jibu mambo matatu. Fedha inaingiaje: mshahara wa moja kwa moja, hundi ya karatasi, au fedha taslimu za bakshishi na ususi? Inatokaje: pango, mkopo wa gari, fedha za nyumbani? Na ni lini unalazimika kusimama mbele ya mtu kaunta?

Swali la fedha taslimu ndilo linalokata shauri. Anayelipwa moja kwa moja kwenye akaunti anaweza kuishi mwaka mzima bila tawi. Msusi anayerudi nyumbani na noti za dola ishirini kwenye pochi hawezi.

Hatua ya 2: Amua anuani moja

Hapa ndipo mambo mengi yanapoharibika, kwa hiyo soma taratibu.

Tangu sheria ya Patriot Act ya 2001, benki yoyote ya Marekani inayokufungulia akaunti lazima ichukue jina lako, tarehe ya kuzaliwa, namba ya utambulisho na anuani ya makazi. Sanduku la posta peke yake halikubaliki kama makazi. Vile visanduku vya kukodi madukani vyenye namba ya mtaa navyo mara nyingi hukataliwa, kwa sababu mifumo ya benki inavitambua.

Chagua nyumba moja iwe ndiyo makazi yako kwenye karatasi: ile ambayo iko kwenye leseni yako ya udereva na kwenye fomu zako za kodi, na ambayo ina mtu anayeweza kufungua sanduku la barua. Halafu uliza benki kama inakubali anuani ya pili ya kupokelea barua tu. Benki nyingi zinakubali, ila huwezi kujua mpaka uulize. Ukipewa nafasi hiyo, unaibadili unapohama kwa msimu na kuirudisha unaporudi, na anuani ya makazi haiguswi.

Fomu ya posta ya kuhamisha barua kwa muda inaanzia siku 15 na inaweza kufika mwaka mmoja. Jaza, inasaidia kwa barua nyingine, ila kwa kadi usiitegemee. Jisajili pia kwenye huduma ya bure ya posta iitwayo Informed Delivery. Kila asubuhi unapata kwenye simu picha za bahasha zinazofika nyumbani kwako. Siku ukiona bahasha nyeupe isiyo na jina la mtumaji, mpigie aliyeko nyumbani aiweke ndani. Kadi nyingi husafiri kwenye bahasha za namna hiyo.

Kuna wanaobadilisha anuani ya benki kwenda Texas wakidhani wamehama kikodi. Hapana. Texas haitozi kodi ya mapato kwenye mshahara, Minnesota inatoza. Lakini kama maskani yako bado ni Minnesota, au umekaa huko siku 183 au zaidi na una nyumba huko, Minnesota inakuhesabu mkazi wake. Anuani ya benki haihamishi kodi. Inachoweza kufanya ni kuleta maswali pale karatasi zako zinapopingana.

Hatua ya 3: Jua aina za benki, kisha chagua

Zamani jambo hili lilikuwa gumu kuliko leo. Sheria iliyopitishwa mwaka 1994, ya Riegle-Neal, ndiyo iliyozifungulia benki mlango wa kuwa na matawi katika majimbo mengi, na ilianza kufanya kazi kikamilifu mwaka 1997. Kabla ya hapo ukivuka mpaka wa jimbo, kwa kawaida benki yako ilibaki nyuma.

Benki kubwa za nchi nzima ndizo rahisi kwa mwenye fedha taslimu. Chase ilikuwa ya kwanza kufikisha matawi katika majimbo yote 48 yaliyopakana (bila Alaska na Hawaii), mwaka 2021. Wells Fargo ina matawi Minnesota na Texas kote. Ila kuwepo jimboni si kuwepo mtaani kwako. Fungua ramani ya matawi, andika zip code (namba ya posta ya eneo) ya nyumba zote mbili, upime dakika za kuendesha. Na angalia ada ya kila mwezi, maana huko ndiko zinakokuuma.

Benki za jimbo moja zinaweza kuwa nzuri sana na bado zisikufae. Frost, kwa mfano, matawi yake yote yako Texas. Kwa mtu wa San Antonio hiyo haina shida. Kwa mtu wa kwenda na kurudi, miezi sita ya mwaka hana kaunta.

Sacco za Kimarekani, zile zilizoandikwa Credit Union mlangoni, ndizo ninazozipenda, na nitaeleza kwa nini. Watu wanadhani sacco ni ya mtaa mmoja. Lakini nyingi zimejiunga na mtandao unaoitwa Co-op Shared Branch, wenye vituo zaidi ya 5,000 nchi nzima. Unaingia kwenye sacco ambayo hujawahi kuiona maishani, katika jimbo jingine, unamwambia mhudumu, "Nataka huduma ya tawi la pamoja." Anakuuliza jina la sacco yako, namba ya uanachama, anaangalia kitambulisho chako chenye picha. Basi, unaweka fedha, unatoa, unalipa mkopo. Niliweka dola 300 hivyo Pasadena, Texas, na kabla sijafika kwenye gari zilikuwa zinaonekana kwenye akaunti yangu ya St. Paul. Huduma hiyo ina mipaka: hawawezi kukuchapia kadi mpya wala kubadili anuani. Na si kila sacco imejiunga, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa kiingilio. Ukiisha kuwa mwanachama, kwa kawaida unabaki mwanachama hata ukihama.

Benki za mtandaoni zisizo na matawi zinawafaa wanaolipwa moja kwa moja. Nyingi hazina ada ya mwezi na zinatumia mitandao ya ATM kama Allpoint na MoneyPass, zile mashine unazoziona kwenye maduka ya dawa na vituo vya mafuta. Akaunti ya hundi ya Charles Schwab inarudisha ada za ATM zote ulizotozwa. Ally inarudisha mpaka dola 10 kwa kila kipindi cha taarifa ya akaunti. Tatizo lake ni noti zako: kuweka taslimu ni shida au kuna gharama, na siku ukitakiwa hundi ya benki leo hii, hakuna kaunta ya kukimbilia.

Sasa tahadhari ambayo naiomba uichukue kwa uzito. Programu nyingi za simu zenye kadi za rangi nzuri si benki. Ni kampuni zinazopitisha fedha yako kwenye benki nyingine. Mwaka 2024 kampuni moja ya katikati iitwayo Synapse ilifilisika, na watu zaidi ya 100,000 wakakosa kufikia fedha zao, wengine kwa miezi. Bima ya serikali, FDIC kwa benki na NCUA kwa sacco, inalinda dola 250,000 kwa kila mwenye fedha, katika kila benki, kwa kila aina ya umiliki. Lakini inalinda benki inapoanguka. Ikianguka kampuni ya katikati ni habari nyingine. Tafuta jina la taasisi kwenye tovuti ya FDIC au NCUA kabla ya kuwapa senti yako. Ukilikosa, mshahara wako usikae huko.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya ada kwa maisha yako

Usitumie jedwali la mtu mwingine. Tuseme huna ATM ya mtandao wako karibu na kazini. Mwenye mashine anakukata dola 3, na benki yako nayo inakukata 2.50 kwa kutumia mashine isiyo yake. Hiyo ni 5.50. Ukitoa mara mbili kwa wiki, kwa wiki 13, umeacha dola 143 kwenye mashine. Kwa fedha hiyo ungelisha nyumba wiki nzima.

Kisha ada ya mwezi. Benki huisamehe ukitimiza sharti, mara nyingi mshahara kuingia moja kwa moja au salio lisishuke chini ya kiwango fulani. Hapa wenzetu wa mikataba tunaumia: kati ya mkataba na mkataba kuna wiki tatu au nne bila mshahara, na ada inaingia papo hapo. Kama kipato chako kina mapengo, tafuta akaunti isiyo na sharti lolote. Zipo pia akaunti zenye cheti cha Bank On, mpango wa akaunti za gharama nafuu: ada yake haizidi dola 5 kwa mwezi, au 10 kama ni ya kusamehewa kwa sharti, na hazitozi faini ya kuchota zaidi ya kilichomo.

Hatua ya 5: Piga simu kabla ya kufungua

Piga kwenye namba ya huduma saa mbili usiku, au Jumapili, saa ambazo wewe kweli utahitaji msaada. Hesabu dakika mpaka mtu apokee. Kisha uliza kwa maneno yako:

- Kadi yangu ikipotea nikiwa jimbo jingine, mnaweza kuituma kwenye anuani ya muda? Kwa siku ngapi? Kuna tawi linalochapa kadi papo hapo?
- Wakati nasubiri, naweza kutumia kadi kwenye simu?
- Barua ikirudi, mnafunga akaunti, au mnanipigia kwanza?
- Nikihitaji hundi ya benki na hakuna tawi, nafanyaje?

Swali la tatu ndilo langu. Laiti ningeliuliza mwaka ule. Mhudumu akibabaika kwenye swali hilo, mwombe akuunganishe na anayejua.

Kuhusu hundi ya benki: kama benki yako haina tawi ulipo, mani oda ya posta inaweza kukuokoa. Kila moja ina kikomo cha dola 1,000, kwa hiyo pango la dola 1,400 linahitaji mbili. Muulize mwenye nyumba mapema kama anazikubali.

Hatua ya 6: Fungua ukiwa bado nyumbani

Fungua akaunti angalau mwezi mmoja kabla ya safari. Siku 30 za mwanzo benki inaruhusiwa kushikilia hundi zako kwa muda mrefu kuliko kawaida, na hutaki kipindi hicho kikukute ugenini. Beba kitambulisho, mkataba wa nyumba au bili ya umeme yenye jina lako, na namba ya Social Security. Asiyekuwa nayo asikate tamaa: zipo benki na sacco zinazokubali ITIN (namba ya kodi ya asiye na Social Security) pamoja na pasipoti ya nchi yako. Ukikataliwa bila sababu ya wazi, omba ripoti yako ya ChexSystems. Ni bure mara moja kwa mwaka, na huko ndiko kunakoandikwa madeni ya akaunti za zamani, kwa kawaida kwa miaka mitano.

Jambo dogo linalowachanganya watu ni namba ya rauting (routing number), ile ya tarakimu 9 inayoitambulisha benki. Benki kubwa huwa na namba tofauti kwa kila jimbo, na yako hufuata jimbo ulikofungulia akaunti. Ukihama haibadiliki. Kwa hiyo usichukue namba ya "Texas" kutoka intaneti ukampa mwajiri wako wa Texas, wakati akaunti ulifungulia Minnesota. Ichukue ndani ya programu ya benki yako.

Zip code nayo: kwenye pampu ya mafuta Houston, ile inayoulizwa ni ya anuani iliyoko benki, si ya pale uliposimama. Nimewahi kumwona kijana wetu amebonyeza ya Houston mara tatu mpaka kadi ikagoma, na alikuwa amebakiza mafuta ya kona moja.

Usibadili namba ya simu. Namba za siri za uthibitisho za benki zinakuja kwenye simu hiyo.

Hatua ya 7: Hama polepole, na usibaki na kadi moja

Acha akaunti ya zamani wazi kwa miezi miwili. Hamisha mshahara kwanza, subiri uingie mara moja, kisha hamisha malipo ya kila mwezi moja moja. Pitia taarifa za akaunti za miezi 12 iliyopita, maana bima ya gari inayolipwa mara mbili kwa mwaka haionekani kwenye taarifa ya mwezi mmoja.

Baada ya hapo, kaa na taasisi mbili: moja ya mshahara, nyingine yenye pango la mwezi mmoja ndani yake na kadi yake imewekwa mahali tofauti na pochi. Kwangu ni sacco ya St. Paul na benki moja ya mtandaoni. Akaunti moja ikizuiwa, maisha hayasimami.

Washa taarifa za kila muamala kwenye simu. Sheria inasema kadi ikiibwa na ukatoa taarifa ndani ya siku mbili za kazi tangu ujue, hasara yako haizidi dola 50. Ukichelewa inaweza kufika 500. Na wizi unaoonekana kwenye taarifa ya akaunti usipouripoti ndani ya siku 60, unaoendelea baada ya hapo unaweza kuwa mzigo wako wote. Taarifa ya karatasi iliyolala kwenye sanduku la barua la jimbo jingine inaweza kukupotezea siku hizo 60.

Hatua ya 8: Fedha za nyumbani na michango

Tangu Januari 2026 kuna kodi ya asilimia 1 kwa anayetuma fedha nje ya Marekani akilipia kwa taslimu, mani oda au hundi ya benki. Ukilipia kutoka akaunti ya benki ya Marekani au kwa kadi ya debiti ya Marekani, haikuhusu. Shangazi aliyezoea kwenda dukani na noti kila mwisho wa mwezi, mwonyeshe njia hii.

Msiba ukitokea na wewe ndiye mweka hazina wa michango, fedha taslimu zikizidi dola 10,000 benki hujaza fomu ya serikali. Hiyo fomu haina ubaya wowote. Kosa, na ni kosa la jinai hata kama fedha ni halali kabisa, ni kuzigawa leo elfu tano tawi la Minnesota na kesho elfu sita tawi la Texas ili fomu isijazwe. Weka zote mara moja na ubaki na orodha ya waliochanga.

Hatua ya 9: Jina la wa kukurithi, na akaunti iliyosahauliwa

Akaunti nyingi zina nafasi ya kuandika mtu wa kulipwa ukifariki. Iandike. Nimeona familia ikihangaika miezi kati ya mahakama za majimbo mawili kwa akaunti ya marehemu isiyokuwa na jina hilo, wakati mwili ulikuwa unasubiri kusafirishwa. Mwenye jina kwenye akaunti hupeleka cheti cha kifo na kitambulisho chake, mahakama haihitajiki.

Na ile akaunti ya mji uliohama, yenye dola 212 ulizoziacha? Isipoguswa kwa miaka kadhaa, mara nyingi mitatu mpaka mitano, benki inalazimika kuikabidhi kwa serikali ya jimbo, na linalopokea ni jimbo la anuani yako ya mwisho kwenye kumbukumbu za benki. Fedha hazijapotea. Ingia missingmoney.com, andika jina lako kama lilivyoandikwa kwenye akaunti, kisha jaribu na yale makosa ya tahajia ambayo makarani wamekuwa wakiyafanya kwenye jina lako tangu ufike. Pitia kila jimbo ulilowahi kulala zaidi ya mwezi mmoja.